Mheshimiwa Asiye na Upande

Mtu wa kwanza kuzisikia hotuba za Mheshimiwa nilikuwa mimi, na kwa nyingi kati ya hizo nilikuwa pia mtu wa mwisho. Alizitoa akiwa amesimama juu ya kibao changu cha kupimia, hapa mtaani Buyenzi, mikono ameinyoosha kama mtu anayefundishwa kuruka, pini zimemzunguka kiunoni, nami nimepiga magoti kwenye pindo la suruali yake. Seneta mzima, mtu wa baraza la juu la bunge, na hawezi hata kujikuna. Wasikilizaji wake wengine walikuwa vyerehani viwili, pasi ya mkaa, na gereji ya ng'ambo ya barabara ambako mdogo wangu Shabani alikuwa akigonga bati kwa nyundo bila kujali kwamba taifa linahutubiwa.

Jina lake silitaji. Kwanza, hakuna aliyelitumia. Mtaani tulimwita Mheshimiwa. Kule barazani, nasikia, walimwita l'Indépendant, yaani asiye na chama, na walilitamka kama mtu anavyotaja ugonjwa wa jirani. Pili, bado yu hai, na ana tabia ya kujibu lolote linalosemwa juu yake kwa hotuba yenye sehemu tatu na hitimisho.

Kwetu seneta hachaguliwi na mimi na wewe. Wanaomchagua ni madiwani wa komine, yaani serikali za mitaa, wamekaa pamoja ukumbini, na mara nyingi jibu linajulikana kabla viti havijafutwa vumbi. Safari ile, mkoani kwake, pande mbili zilichukiana kiasi kwamba kila upande uliona heri kiti kiliwe na mchwa kuliko kikaliwe na mtu wa upande wa pili. Mchwa hawakujitokeza. Alijitokeza daktari wa mifugo, mtu mrefu mwenye miwani, aliyewahi kutibu ng'ombe wa pande zote mbili na hakumuudhi ng'ombe yeyote. Wakamchagua kwa hasira. Yeye hadi leo anaamini walivutiwa na mawazo yake.

"Mimi sina upande, Fundi," aliniambia siku nilipompima suti ya kwanza. "Mimi nina mahali."

Nilimuuliza mahali penyewe ni wapi. Akanieleza kwa fahari kwamba ni kiti cha safu ya mwisho, karibu na mlango, nyuma ya nguzo. Kutoka hapo alimwona mwenyekiti wa baraza kwa sehemu tu. Nilitaka kujua ni sehemu ipi, ile inayosema au ile inayosikiliza. Alilifikiria swali kwa uzito wote, kama alivyofikiria kila swali, kisha akajibu kuwa ni bega.

Lazima niseme alikuwa mteja wa kushona. Mabega yake yalikuwa sawa, jambo ambalo ni nadra kwa wanasiasa, na tumbo halikuongezeka miaka yote aliyokaa kule, jambo ambalo ni nadra zaidi. Ila mtu huyu wa kujitegemea hakuweza kuchagua kifungo peke yake. Nikimwekea vifungo vitatu mezani, aliniuliza mimi. Kisha alimuuliza mke wangu aliyekuwa akipita na sufuria. Kisha alivuka barabara kwenda kumuuliza Shabani, ambaye alivishika kwa vidole vyenye grisi na kuviharibu vyote vitatu. Siku moja aliingia mtu aliyetaka kuonyeshwa njia ya msikiti, naye akaombwa maoni yake. Baada ya mashauriano hayo yote Mheshimiwa alichagua kifungo cha nne, ambacho hakuna aliyekitaja, ili asionekane amemfuata mtu.

Mkewe alikuwa mkunga huko juu Kamenge, mwanamke wa maneno machache. Alikuja dukani mara moja tu, akaliangalia koti lililokuwa tayari, akasema lirudishwe lifupishwe, akaondoka. Mheshimiwa alilileta siku iyo hiyo. Akaniambia kwamba nyumbani yeye ana chama, na mwenyekiti wake hajawahi kupingwa.

Miswada aliisoma kama alivyosoma wanyama. Alianzia nyuma. Wenzake walisoma utangulizi, ule wenye maneno mazuri ya maendeleo na mshikamano, wakaridhika. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye vifungu vya mwisho, kwa sababu, alivyosema, ng'ombe mgonjwa anaweza kuinua kichwa akakudanganya, lakini miguu ya nyuma haijui kudanganya. Basi alikuja dukani akanieleza kwamba mswada fulani una homa, mwingine umekula kitu kisicholiwa, na mwingine, huo wa kusikitisha, ulizaliwa mfu na watu wanampongeza mama. Mimi nilikuwa na sindano mdomoni, kwa hiyo nilionekana kuafiki.

Na huyu daktari wa wanyama aliogopa mbwa. Sisemi alikuwa na tahadhari, aliogopa. Mbwa mmoja aliyekonda wa mtaa wetu, mwenye sikio moja, alimzuia dukani mwangu asubuhi nzima kwa kulala tu mlangoni. Mheshimiwa alikosa kikao. Nilipomwambia ampige sindano, si ndiyo kazi yake, alinijibu kwamba alisomea ng'ombe.

Kazi yake kubwa kule barazani ilikuwa maswali. Muda wa kusema uligawanywa kwa vyama kulingana na ukubwa wao, na yeye, akiwa chama cha mtu mmoja asiyekuwa na chama, alipewa makombo ya dakika yaliyodondoka mezani. Dakika walizomnyima wao alizichukua kwangu. Nimesikia hapa, kwa ukamilifu, hotuba kuhusu machinjio, kuhusu maji ya kunywa, kuhusu kwa nini ripoti huletwa wajumbe wakiwa wamekwisha kupiga kura, na moja ndefu sana kuhusu viboko.

Hiyo ya viboko ilimtoka moyoni. Alikuwa anakaa Kibenga, karibu na ziwa, na kiboko mmoja alizoea kupanda alfajiri kuja kula lengalenga, yaani mchicha, kwenye bustani ya mkewe. Mtu mwingine angejenga uzio. Mheshimiwa alipeleka swali: kiboko akitoka majini, ni wa nani? Waziri wa kwanza kuulizwa alijibu kwa heshima kwamba kiboko akiwa ziwani ni wake, lakini akikanyaga barabara si wake tena. Wa pili akasema barabara ni yake kweli, ila mnyama huyo haonekani kuwa na haja ya barabara, anaivuka tu. Wa tatu akasema bustani ni zake zikiwa za wakulima, na mke wa Mheshimiwa ni mkunga. Maswali hayo yalichukua vikao na vikao, na kila kimoja kiliisha kwa maneno yale yale, kwamba jambo limepokelewa. Mheshimiwa aliniambia hajawahi kuona nyumba inayopokea mambo mengi namna ile bila kujaa. Wakati huo mkewe alikuwa amekwisha kuhamishia bustani nyuma ya nyumba na kupanda miiba, na kiboko akaenda kwa jirani, ambaye ana chama.

Kura zake ndizo zilizomfanya ajulikane mtaani, kama hilo linaweza kuitwa kujulikana. Alijizuia: aliinua mkono walipoulizwa wasiokubali wala kukataa. Mswada ukimpendeza kichwa usimpendeze miguu ya nyuma, alijizuia. Usipompendeza popote, alipinga, lakini mara nyingi alijizuia, kwa kuwa karibu kila kitu, alisema, kina kichwa kizuri. Redio ilitangaza hivi: mswada umepitishwa, mmoja akijizuia. Jina halikutajwa. Watu wa gereji walikuwa wakisikiliza habari huku wanakunywa kahawa tungu na sambusa, na hapo mmoja wao angenipigia kelele kutoka ng'ambo kwamba mteja wangu ametajwa. Walicheka. Lakini nimewaona pia siku ambayo redio ilisema tu umepitishwa, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa kitandani na malaria. Waliuliza mbona leo yule mmoja hayupo, na walikuwa kama watu waliokosa matokeo ya mpira.

Kule barazani, mmoja huyo aliwakera. Hakuwazuia chochote, kura yake ilikuwa na uzito wa uzi. Ila wenye nyumba walipenda sana maneno "kwa kauli moja". Yanapendeza redioni. Yanapendeza kwa wageni. Na kila mara kulikuwa na mkono huu mmoja nyuma ya nguzo, ndani ya koti nililolishona mimi, unaharibu sentensi.

Ndipo ukaja ule mswada wa karakana.

Ulikuwa na utangulizi mzuri kuhusu usafi wa mji. Kifungu cha nyuma kilisema kwamba karakana yoyote iliyo katika mtaa wa makazi, inayopiga kelele au kumwaga uchafu, ihamishwe nje ya mji, mahali patakapoandaliwa. Kwa mtu asiyeijua Buyenzi hayo ni maneno ya busara. Anayeijua atauliza: itabaki nini? Hapa kila mlango wa pili ni gereji, wa tatu ni duka la vipuri, wa nne ni fundi wa kitu fulani. Watu wanaleta magari kutoka mikoani wakijua kwamba kabla ya sala ya alasiri kitu kilichokufa kitakuwa kimepumua. Shabani alikuwa kwenye gereji ile tangu ujana, na kabla yake marehemu baba yetu. Na mimi? Vyerehani vyangu havimwagi chochote, lakini vinapiga kelele, na mswada ulisema "au".

Mafundi walikuja siku nilipokuwa nampima Mheshimiwa koti la kijivu. Waliingia wote pamoja, na ofisi yangu, kama naweza kuiita hivyo, ikajaa harufu ya dizeli. Alikuwa amenyoosha mikono, ana pini kila mahali, hawezi kukimbia. Sijui kama waliipanga saa hiyo; nadhani waliipanga. Shabani ndiye aliyesema kwa niaba yao. Alieleza polepole, bila ukali, kwamba gereji haiwezi kuhama kama mbuzi. Mteja anafuata mtaa, fundi anafuata vipuri, na vipuri viko hapa. Alisema huko nje hawatajua hata wapate wapi nati moja.

"Mheshimiwa, utatusaidia?" akamaliza.

"Nitasimama," alijibu.

Wakashukuru wakatoka. Mimi nilibaki na pini zangu na wasiwasi, kwa sababu nilimfahamu. Mtu wa kawaida akisema atasimama, maana yake ni moja. Mheshimiwa akisema atasimama, inawezekana kabisa anamaanisha atanyanyuka kutoka kwenye kiti.

Siku ya kura tulikwenda. Wageni wanaruhusiwa kukaa roshani, wakivua kofia na kufunga midomo. Shabani alikaa karibu nami, amevaa shati safi, kucha zake bado nyeusi. Tulimtafuta nyuma ya nguzo, tukamwona, akasimama kweli. Alizungumza kwa dakika zake chache, vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia dukani. Alisema juu ya mtu anayejifunza kazi kwa kusikiliza mashine, juu ya mtaa ambao unakula kwa mikono yake. Mwishoni alisema sentensi moja kwa Kiswahili, na mwenyekiti akamkumbusha kwamba kuna lugha zilizokubaliwa humo ndani. Wajumbe wawili watatu walitabasamu. Shabani alinigusa goti.

Halafu mwenyekiti akauliza wanaokubali. Mikono ikapanda, safu kwa safu, na nyuma ya nguzo ukapanda na wa Mheshimiwa.

Mungu anisamehe, lakini kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba koti halikuvuta kwapani. Mkono ulikwenda juu wote na kola haikusogea hata kidogo. Nililiona hilo, nikafurahi kwa muda wa pumzi moja, ndipo nikaelewa mkono ule ulikuwa unafanya nini huko juu. Mwenyekiti akatamka kwa sauti ya mtu aliyemaliza kula vizuri: kwa kauli moja. Wakapiga makofi. Shabani alitazama mbele hadi walipomaliza, akainuka, akashuka ngazi bila kunisubiri.

Kilichotokea Mheshimiwa alikuja kukieleza mwenyewe kesho yake, na kwa miguu, kwa kuwa zilikuwa siku za foleni za mafuta. Hilo nampa. Wengine wangetuma salamu. Hakuingia dukani kwangu. Alikwenda gerejini, akasimama kati ya magari, na mimi nikavuka kwenda kusikiliza.

Alieleza kwamba katika kamisheni, ile kamati iliyoupitia mswada, kabla ya kura, alikuwa amepigania neno moja. Kwa Kifaransa ni herufi mbili tu, alisema. Palipokuwa na "au" alitaka pawe na "na": karakana inayopiga kelele na kumwaga uchafu. Waliokuwa wanafanya kimoja tu wangebaki. Walibishana mpaka saa ya chakula ikapita, na mwenyekiti wa kamisheni, mtu mpole asiyependa kukaa na njaa, akamwita pembeni. Akamwambia watampa "na" yake. Wao wanataka kitu kimoja tu kutoka kwake: mkono. Mara hii moja, sheria ipite bila yule mmoja.

"Nikawaza," Mheshimiwa alisema, "nikikataa, inapita vilevile, na 'au' yake. Wanahama wote. Nikikubali, nawaokoa nusu. Washonaji, maseremala, mafundi wa redio. Nusu ya mtaa. Kwa mkono ambao haukuwa na kazi."

Alikuwa amejiandaa kwa kelele, nilimwona alivyojiandaa. Shabani alikuwa anafuta spana kwa kitambaa, polepole, kama kitu kilichoazimwa.

"Na sisi?" akauliza.

"Ninyi mnapiga kelele," Mheshimiwa alisema kwa taabu, "na mnamwaga mafuta."

"Basi ile 'na' ni siye," Shabani akasema.

Mheshimiwa alitaka kuongeza kitu. Alikuwa na sehemu ya pili na ya tatu, nina hakika. Lakini Shabani alikuwa amekwisha kuingia chini ya gari, na huwezi kuhutubia miguu. Mheshimiwa alipotoka gerejini, alinipita nikiwa nimerudi mlangoni kwangu. Nilipaswa kumshukuru, alikuwa ameniokolea duka. Nilimwambia tu kwamba suruali yake imechafuka kwenye goti. Akaangalia, akasema ni kweli.

Mtaani habari ilizunguka, na kila mtu akaitengeneza apendavyo. Wengi walisema kwamba seneta amebadilisha sheria ya nchi ili asikose mshonaji. Nilipewa jina: Fundi Na. Mtu akipita mlangoni aliniuliza kama leo ni Fundi Na au Fundi Au, na akacheka mpaka msikitini. Sikukasirika sana. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nikijiuliza lile lile nikiwa peke yangu, na sikuwahi kupata jibu la kuwapa wala la kujipa.

Gereji zilihama, si siku moja, wala si zote. Baadhi walifunga milango ya mbele wakafungua ya nyuma, na hao nitawaacha wasitajwe. Shabani alihama kweli. Alikuwa mtu wa kufanya kitu kikamilifu au kukiacha. Walipopakia mashine ya mwisho, hakuniaga. Alimuaga mke wangu, akamwachia salamu za kunipa. Barabara yetu ikawa kimya. Miaka yote niliyolalamika kuhusu nyundo ile, na sasa nilipoweza kusikia hotuba nzima bila neno kupotea, hakukuwa na mtu kibaoni. Mheshimiwa alikoma kuja. Nasikia alivaa koti la kijivu mpaka mwisho wa muhula.

Na muhula ulipokwisha, madiwani wa mkoa wake walikaa tena. Pande mbili zile ambazo hazikuwahi kukubaliana hata rangi ya pazia zilikubaliana mara hii, haraka na kwa furaha, kwamba asiwe yeye. Kazi ya miaka yote ya kuwaunganisha watu ikawa imezaa matunda.

Shabani na mimi tulirudi kuongea taratibu, kwanza kwenye msiba wa shangazi, kisha Idi. Hatukuzungumzia lile jambo. Ilipita muda mrefu kabla sijaenda kuona anapofanyia kazi, na nilikwenda hatimaye kwa sababu mke wangu alifunga chapati kwenye kitambaa, akaniwekea mkononi, akasema nisirudi nazo.

Mahali pale pako kaskazini, unaipita Kamenge, unashuka, na bado unatembea. Palipaswa kuandaliwa. Kulikuwa na uwanja wa udongo mwekundu, mabanda ya bati yaliyosimamishwa na mafundi wenyewe, na magari yanayosubiri vipuri kutoka Buyenzi, ambavyo vinasubiri pikipiki, ambayo inasubiri mafuta. Nilimkuta Shabani chini ya gari jeupe la zamani lililoinuliwa kwa jeki na magogo. Pembeni yake, kwenye kiti kilichong'olewa kutoka gari lingine, alikaa Mheshimiwa.

Alikuwa amekonda. Mabega bado yalikuwa sawa. Alinisalimia kwa furaha, akaniuliza habari za mke wangu, akaniambia gari lake lina tatizo la giaboksi. Nikauliza tangu lini. Akasema tangu zamani kidogo. Baadaye, alipokwenda kunawa mikono kwenye pipa, Shabani alinieleza kutoka chini kule kwamba kipuri bado hakijafika, na kwamba mzee anakuja karibu kila siku, hata siku ambazo ameambiwa hakuna la kufanya. Anapanda basi, anatembea, anakaa. Hotuba hatoi. Mara nyingine anawasomea mafundi karatasi za komine wasizozielewa, anaanzia nyuma, halafu anawaambia wasiweke saini.

"Kwa nini anakuja?" nikauliza.

"Mi sijui, kaka. Mi niko tu na gari yake."

Tulikula chapati. Mheshimiwa alirarua yake vipande vidogo kama mtu anayemlisha ndege, hakuvila. Kisha akamgeukia Shabani na kumuuliza jambo ambalo, niliona wazi, alikuwa amelibeba kwenye mabasi mengi.

"Shabani. Ningekataa siku ile, mngebaki Buyenzi?"

Shabani alimaliza kutafuna. Hakuwa na haraka, na hakuwa na hasira tena. Nadhani hilo lilikuwa gumu zaidi kwa aliyeuliza.

"Apana, Mzee. Tungehama tu. Wao walikuwa wengi, we ulikuwa moja." Akafuta mikono kwenye suruali. "Lakini tungehama tuko na mutu kule barazani. Tulihama bila mutu."

Nilimtazama Mheshimiwa. Huyu ndiye mtu aliyebishana na mawaziri watatu kuhusu mnyama mmoja. Mdomo ulifunguka kidogo, kidole cha kulia kikainuka, kama mtu anayeomba nafasi ya kusema; halafu kidole kikashuka na kukaa juu ya goti pamoja na vingine. Alikitikisa kichwa, si kwa kukataa. Macho yalimjaa maji nyuma ya miwani, naye akaivua, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena bila kusema ni vumbi, ingawa vumbi lilikuwepo la kutosha na mimi ningelikubali.

"Na nusu ile iliyobaki?" nikasema, ingawa hakuna aliyeniuliza. "Mimi nimebaki, Shabani. Nimebaki kwa ajili yake."

"Najua, kaka," Shabani akanijibu. "Ubaki. Nani alikwambia uhame?"

Akachukua simu yake, akawasha taa, akarudi chini ya gari. Tulimsikia akihangaika, chuma na chuma, kisha akatoa mkono nje ukiwa na ile simu.

"Mzee, uje unishikie mwangaza."

Mheshimiwa alivua koti, akalikunja bitana nje, akatafuta pa kuliweka, hakupaona, akanipa mimi. Akapiga magoti kwenye udongo mwekundu, kisha akalala ubavu, mtu mzima yule, akaingiza mkono na kichwa chini ya gari. Nilimsikia anaanza kusema kitu kuhusu giaboksi.

"Usiongee, Mzee," Shabani akamwambia kwa upole. "Ukiongea, mukono inatikisika."

Akanyamaza. Nilisimama na koti lake mkononi mpaka adhana ya alasiri iliposikika kutoka mbali. Nikalitundika kwenye mlango wa gari, nikawaaga wote wawili kwa miguu yao, kwa kuwa ndiyo iliyoonekana. Nilipogeuka kutoka barabarani, Mheshimiwa bado alikuwa amelala vile vile, na taa chini ya gari imetulia.